Mfundisheni na soja wa lango

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa wafanyakazi katika godauni la chai hapa Shimanzi. Tuko kama watu sitini, zaidi ya nusu ni vibarua, na tuna zamu mbili, ya mchana na ya usiku. Mwezi uliopita kibarua mmoja aliangukiwa na magunia yaliyoporomoka kutoka juu ya rundo. Wenzake walimbeba mbiombio, wakampakia kwenye pikapu, wakamkimbiza hospitali. Yuko hai, lakini mgongo bado unamsumbua. Nilipomwambia bosi tuwapeleke watu wakafunzwe huduma ya kwanza alinijibu: "Coast General iko hapo, dakika kumi. Sanduku tunalo ukutani. Mafunzo ya nini?" Baadaye akakubali shingo upande waende wawili, yeye mwenyewe na msaidizi wake. Je, ana makosa? Nimwambie nini, apelekwe nani, na wafunzwe nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na umfikishie pole huyo kijana.

Bosi wako ana makosa, lakini kabla sijafika kwake nianze na hao waliombeba. Wengi wanaoniuliza swali hili hudhani mafunzo yanatakiwa kwa sababu watu wakiona ajali husimama wakatazama. Labda huko kwingine. Hapa Mombasa mtu akianguka, hajatua vizuri chini keshazungukwa na watu ishirini: mmoja ana chupa ya maji, mmoja anampepea kwa leso, mmoja kashika miguu, na mwingine kasimamisha tuktuk. Kusaidiwa utasaidiwa. Mimi hofu yangu ni ule msaada wenyewe. Nilikaa miaka kumi na minne katika chumba cha dharura kabla sijaanza kufundisha, na nilipokea watu wengi walioumia mara mbili: mara ya kwanza kazini, mara ya pili njiani, mikononi mwa marafiki zao waliokuwa wakiwalilia.

Hebu rudi kwa kijana wenu. Gunia moja la chai laweza kupita kilo 60. Likimwangukia mtu shingoni au mgongoni kutoka juu, yawezekana pingili ya uti imepasuka lakini bado imekaa mahali pake, na ule mshipa wa fahamu uliopita ndani yake haujaguswa. Halafu wanakuja wanaume wanne wenye imani. Mmoja kwapa la kulia, mmoja la kushoto, wawili miguu, kichwa kinaning'inia nyuma kama cha kuku, na kwenye pikapu kila shimo la barabara linamrusha. Kama kijana wenu alitoka salama, mshukuruni Mungu, maana kwa jinsi alivyobebwa hakukuwa na jingine la kumlinda.

Aliyefunzwa angefanya nini? Jambo la kwanza angesimama. Sekunde tatu tu, atazame juu: rundo lililobaki limeegemea wapi, foklifti imezimwa au bado inanguruma? Wenzake wangewalilia wawili kama angekimbilia chini ya magunia mengine yanayotaka kuporomoka. Halafu angepaza sauti: "Msimguse!" Angepiga magoti upande wa kichwani, akakishika kichwa kwa viganja viwili, viwiko vimetua sakafuni ili mikono isichoke, akaanza kuzungumza naye. Usitikise kichwa, ndugu yangu. Jina lako nani? Vidole vya miguu unavisikia? Wengine angewapa kazi kwa kuwanyooshea kidole mmoja mmoja: wewe piga 1199, wewe nenda langoni ukaongoze gari, wewe lete machela, wewe waondoe hawa wanaotazama. (Namba hiyo ni ya Msalaba Mwekundu, 999 na 112 pia ni za dharura.) Kazi yenyewe ni kukaa pale chini, mikono imetulia, huku watu wote wakikupigia kelele kwamba mgonjwa anakufa na wewe umemshika kichwa tu. Kustahimili kelele hizo hakuji kwenyewe. Ni jambo la kufanyiwa mazoezi.

Kama moto unawaka au paa linashuka, bila shaka mvute utoke naye, afadhali mgongo kuliko roho. Lakini godauni lenu siku hiyo halikuwa linaungua.

Sasa tumwendee bosi na dakika zake kumi. Miaka michache nyuma niliitwa na kampuni moja yenye godauni upande wa Changamwe, na meneja wao alikuwa na maneno yale yale: hospitali iko karibu. Nikamwambia sawa, tujaribu. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, tukamlaza kijana mmoja nyuma ya rundo, tukamwambia asijibu lolote, nami nikaanza kuhesabu kwa saa ya simu yangu. Dakika moja na nusu ilipita kabla mtu hajamwona. Mbili nyingine zikaishia kumwita, kumtikisa, na kubishana kama amelala au anaumwa. Dereva wa pikapu alikuwa amevuka barabara kwenda kunywa chai ya tangawizi, akatafutwa. Funguo alikuwa nazo mfukoni, alhamdulillahi. Pale langoni kulikuwa na kontena la futi 40 linaingia, trela nusu ndani nusu nje, na trela halirudi nyuma kwa sababu watu wanapiga ukelele. Pikapu ilipogusa lami, simu ilisoma dakika 11 na ushei. Hapo hatujaingia kwenye foleni ya malori, hatujaifikia raundabauti, hatujashuka hospitali kutafuta kiti cha magurudumu. Meneja alitazama ile simu, kisha akatazama lango lake, akaniuliza mafunzo yanaanza lini.

Chukua hizo dakika 11 uziweke juu ya mwili wa binadamu. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Kila dakika inayopita bila mtu kumbonyeza kifua na bila mashine ya kuushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa na ukingo wa bati, damu yaweza kumwishia mtu ndani ya dakika tano. Aliyekwamwa na mnofu wa nyama kooni wakati wa chakula cha mchana hana hata hizo tano. Madaktari wa Coast General ni hodari, nawajua, lakini wao huanza kazi pale unapowafikishia mtu. Muda kabla ya hapo ni wenu.

Na hili la kubonyeza kifua nataka bosi wako alijue asili yake, maana wengi hudhani ni kazi ya madaktari. Mmoja wa walioligundua hakuwa daktari: William Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme, na utafiti wake ulitokana na vifo vya mafundi wa nyaya za umeme, watu wa kazini kama nyinyi. Yeye na wenzake, James Jude na Guy Knickerbocker, walitangaza njia hiyo mwaka 1960 huko Baltimore, Marekani. Kabla ya hapo moyo uliosimama ulishughulikiwa kwa kumpasua mtu kifua. Wao wakaonyesha kwamba mikono miwili mitupu inatosha kuanzia, mahali popote. Hata mikono ya dereva wa foklifti na ya mhudumu wa jikoni imo.

Mikono yenyewe lakini iwe imezoezwa. Viganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, unashuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara unakiacha kifua kirudi juu kabisa. Kwa kusoma ni jambo dogo. Darasani nimeona makuli wenye mabega kama milango wakianza kwa vishindo, dakika ya pili jasho linawatiririka, ya tatu wanapapasa sanamu kama wanaibembeleza ilale. Hawajui kwamba wamelegea. Ukiwauliza watakwambia bado wanabonyeza vilevile. Ndiyo maana mtu mmoja aliyefunzwa hatoshi. Wanabadilishana kila baada ya dakika mbili, na kubadilishana kwenyewe kunafanyiwa mazoezi, la sivyo moyo unangoja huku wao wanapishana.

Sehemu kubwa ya somo langu, kusema kweli, ni kuwatoa watu yale waliyokuja nayo. Kuna siku nilikuwa nafundisha walinzi wa bwawa katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Jikoni, ukuta wa pili tu, kijana akamwagikiwa na mafuta ya kukaangia viazi, kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipofika mkono ulikuwa mweupe. Dawa ya meno. Juu yake ute wa yai unatelezea sakafuni. Na kuna aliyekuwa anakuja mbio na bakuli la unga wa ngano, machozi yanamtoka, maana huyo aliyeungua alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Bomba la maji lilikuwa hatua tatu nyuma yao.

Ile dawa ya meno ilifunika joto ndani ya nyama, nalo likaendelea kupika. Kinachotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa, bila barafu. Pete na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Malengelenge yaachwe. Kisha funika kwa ile plastiki safi nyembamba ya kufungia chakula, ambayo jikoni haikosekani. Hospitali walilazimika kuikwangua ile dawa ya meno kabla hawajauona mkono. Nilikuwa nimesimama pembeni, na yule kaka yake naye alikuwepo, bado ana unga kwenye kucha. Tangu siku hiyo wapishi nawaanzia na bomba. Mengine yote baadaye.

Kifafa ni mtihani wa namna yake. Mtu akianza kurusha viungo godauni, kuna atakayekimbia, kuna atakayemkandamiza mikono, na hakosekani mwenye kijiko au pochi ya kumtia kati ya meno. Kijiko huvunja meno, na jino lililovunjika huingia kooni. Ulimi haumezwi, hayo ni maneno ya watu. Sogeza vitu vigumu, tia shati lililokunjwa chini ya kichwa, tazama saa, umwache mwili umalize. Ukishatulia, mgeuze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianza tena kabla hajazindukana, huyo ni wa hospitali mbio. Watakuwepo watakaosema kapandwa na jini. Mimi saa ile sibishani na mtu itikadi yake. Namwambia: wewe soma, soma kwa sauti ukitaka, mimi namgeuza ubavu.

Nyinyi watu wa magodauni nawaongezea joto. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ingia ndani ya kontena la chuma saa nane mchana ukiwa na kazi ya kupakia. Mwenye kizunguzungu, kiu na jasho jingi, mtoe kivulini, apewe maji kidogo kidogo, atarudi. Wa kuogopa ni yule anayeanza kuropoka maneno yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi, na ngozi inawaka moto. Wenzake humcheka kwanza, wakidhani kanywa mnazi. Huyo joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo wake unaiva. Apozwe pale pale: vua shati, mwagie maji mwili mzima, mpepeeni kwa maboksi, barafu ya muuza soda iwekwe kwapani na kinenani. Kumtia garini kabla ya kumpoza ni kumtoa tanuri hili ukamwingiza tanuri lile.

Mwezi wa Ramadhani huwa kuna hadhari nyingine. Anayetetemeka, anatoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa saa tisa alasiri, hasa ukijua ana kisukari, mpe sukari au soda yenye sukari madhali anaweza kumeza. Wengine huogopa kumfungulisha mtu saumu. Mgonjwa ana ruhusa, muulizeni sheikh yeyote. Asiye na fahamu ndiye asiyetiwa chochote mdomoni, hata tone la maji, mwezi wowote ule.

Na kuna mahali ambapo huduma ya kwanza ni kutoingia. Shimo la maji taka, tangi, kontena lililofukizwa dawa ya wadudu likafungwa. Wa kwanza huingia akaanguka, wa pili hushuka kumtoa, wa tatu humfuata kaka yake. Kila mmoja alikuwa shujaa kwa nusu dakika. Anayefunzwa anafunzwa kusimama mlangoni, kuwazuia wengine kwa mwili wake, kuita waokoaji wenye mitungi ya hewa, na kuubeba ule uchungu. Sijui somo gumu kulifundisha kuliko hili.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na sanduku la huduma ya kwanza linalofikika kwa urahisi, lisilo na kitu kingine ndani yake, na liwe chini ya mtu mwenye dhamana ambaye anapatikana saa za kazi. Tangazo la jina lake libandikwe watu waone. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama na afya, nanyi mko sitini, kwa hiyo ulizia yenu iko wapi. Halafu ile Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, ndiyo ya kumsomea bosi polepole: kumpeleka majeruhi hospitali na gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, na mtu akifa au akilemaa kabisa kwa ajali ya kazini fidia huhesabiwa kwa mapato yake ya miezi 96. Mgongo uliopasuka na ukatulia una bei moja. Mgongo uliotikiswa na wabebaji una bei nyingine.

Sanduku mnalo, amesema. Sawa, umewahi kulifungua? Mimi nimefungua masanduku ya kila aina kuanzia Miritini mpaka Nyali. La kawaida lina Panadol, chupa ya dawa ya vidonda iliyokwisha muda wake, kiberiti, risiti za petroli, na kijiko kimoja cha chai ambacho hakuna anayejua kilifikaje. Glavu hakuna, kwa sababu zilichukuliwa kusafishia choo. Na funguo anazo meneja. Sanduku halifungwi kwa funguo mwenye funguo akaenda nyumbani saa kumi na moja. Vidonge vitoeni, huduma ya kwanza haigawi dawa. Tieni glavu nyingi, shashi nene, bendeji pana, zile za pembe tatu, mkasi unaokata suruali ya jinzi, plasta, na maji safi ya kuoshea macho. Likitumika, lijazwe kesho yake. Rangi yake kijani, msalaba mweupe. Ule msalaba mwekundu una wenyewe, unalindwa kwa mikataba ya Geneva, ingawa mafundi wetu wa rangi hawajasikia habari hiyo.

Sasa apelekwe nani. Bosi na msaidizi wake? Ijumaa saa saba mchana wote wawili wako msikitini. Usiku wote wawili wamelala. Waende, ni vizuri wakubwa wajue, lakini wasihesabiwe. Anayehesabiwa ni yule anayesimama karibu na hatari zamu nzima. Kwa watu sitini na zamu mbili ningetaka wanane, wanne kila zamu, ili mmoja akiwa likizo na mwingine yuko chooni bado wabaki wawili wa kupokezana kifuani. Dereva wa foklifti awemo, maana mara nyingi ajali anaiona yeye wa kwanza, na pengine kaisababisha yeye. Nyapara wa vibarua awemo, sauti yake inatiiwa. Mama anayewapikia awemo kwa sababu ya moto, na kwa sababu watu hupaliwa mbele yake. Wanawake wawemo kwa makusudi: siku dada atakapoumia paja au kifua, mhudumu mwanamke atamkunjulia buibui bila mtu kusitasita, na kusitasita ndiko kunakomaliza muda. Ila moyo ukisimama hakuna cha mwanamume wala mwanamke, aliye karibu anabonyeza.

Na soja wa lango. Huyu hakuna anayemfikiria. Usiku wa manane, mashine zimezimwa, ni yeye na pengine wapakiaji sita. Yeye ndiye mwenye simu inayopokelewa, ndiye anayejua trela gani liondoke kwanza ili ambulensi ipite, ndiye atakayemwelekeza dereva aliyepotea kati ya magodauni yanayofanana kama mapacha. Mara nyingi ni mtu wa kampuni ya ulinzi, si mwajiriwa wenu, basi huachwa. Mlipieni. Katika godauni lile la Changamwe tulirudia zoezi baada ya mafunzo, na kilichopunguza muda kuliko kitu kingine ni soja kujifunza kuyasimamisha malori nje mara tu akisikia filimbi tatu.

Vibarua hubadilika kila siku, hamwezi kuwafunza wote darasani. Asubuhi nyapara akiita majina, awaonyeshe wale waliofunzwa, wenye vizibao vya kijani: ukiona mtu ameanguka, usimbebe, muite huyu na huyu. Ni maneno ya nusu dakika, na yangetosha kwa kijana wenu.

Mwalimu mchague kwa macho. Wako wa St John Ambulance, wako wa Msalaba Mwekundu, wako na wengine, na ulizia kwanza kama anatambuliwa na kurugenzi ya usalama na afya kazini. Kisha muulize ana sanamu ngapi za kubonyeza. Akikwambia ana moja kwa watu thelathini, au anataka ukumbi wa hoteli na projekta, mshukuru umuache aende. Mwalimu wa kweli ataomba kwanza azunguke godauni lenu, aone rundo linavyopangwa na swichi ya umeme iko wapi, kwa sababu aliyenaswa na umeme huokolewa kwa swichi kabla ya mikono. Atafundisha kwa Kiswahili. Atawalaza nyinyi wenyewe sakafuni pale pale kwenye vumbi la chai. Cheti kikipatikana, kisiwe cha kutundikwa tu; ustadi wa kubonyeza kifua huanza kupotea ndani ya miezi mitatu hadi sita, basi fanyeni zoezi la robo saa kila baada ya miezi michache, hata kwa mto wa kitanda kama sanamu hamna.

Gharama ipo, sikufichi. Lakini kampuni inayochangia NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ile shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi inaweza kuomba irudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, na idhini huombwa kabla ya mafunzo. Wakubwa wengi huchanga miaka nenda miaka rudi wasidai hata senti. Mpelekee hilo kwanza, kabla ya sheria, utaona uso unavyofunguka.

Kama bado anang'ang'ania Coast General iko hapo, usibishane naye. Chagua siku ya kazi, saa ya malori. Mwombe kijana mmoja alale nyuma ya rundo la mwisho kabisa, mwarifu soja peke yake, kisha mpe bosi simu yako ashike saa yeye mwenyewe.